Filamu za Butembo, Televisheni ya Beni

Mwezi uliopita Masika, binti wa dada yangu, alikuja kunitembelea hapa Butembo, diploma yake ya serikali ya kumaliza sekondari ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, akanikuta katika hali ambayo mtu wa masomo yangu hapendi kukutwa nayo. Mwanangu alikuwa kwenye mkeka, mdomo wazi, simu yangu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, wanyama wa katuni wakirukaruka ndani ya simu, nami nikimtia kijiko cha uji kila alipojisahau. Masika alisimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Aliitazama simu, akautazama uji, kisha akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka akajishika ukutani. “Mama mudogo,” alisema, “njo weye uliandika kile kitabu?” Nikamwambia hakikuwa kitabu, ilikuwa ripoti. “Kurasa kumi na ine! Na batoto tulikuwa babili tu!” Nilianza kumweleza kwamba mtoto ana siku tatu hataki kula, kwamba katuni yenyewe haina maneno, kwamba nimepunguza mwangaza wa kioo, kwamba nimejiwekea mpaka wa nusu bakuli na nikifika hapo nazima. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kucheka. Alipoondoka nilibaki nikijiuliza kama kicheko kile kilikuwa cha mapenzi au cha hukumu, na kama kilikuwa cha hukumu, kilimhukumu nani: mimi wa leo, au mimi wa mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya saikolojia na sayansi za elimu, na sikuwa na kitu kingine chochote. Nilikaa katika chumba cha nyuma kwa dada yangu mkubwa, Yaya Zaina, kama huku tunavyowaita dada wakubwa, ambaye alikuwa akiuza vitenge soko kuu la Butembo. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa marobota ya vitenge yaliyokosa nafasi dukani, na harufu ya kitambaa kipya iliniingia mpaka kwenye ndoto. Mume wake, Shemeji Ramazani, alikuwa akisafirisha kakao na mbao upande wa Beni, akiishi kule na mama yake mzazi katika nyumba waliyoijenga, na kupanda Butembo kila Ijumaa jioni. Watoto walikuwa wawili: Masika, mwenye miaka saba, na Biira, mwenye miaka minne. Kwa miaka miwili Shemeji alikuwa akisema familia yote ihamie Beni, na kwa miaka miwili Yaya alikuwa akisema yeye ndiye ahamie Butembo. Walikuwa wamekwisha kubishana juu ya shule, juu ya maji, juu ya malaria ya Beni na baridi ya Butembo, juu ya udongo gani unashika nguo zaidi, na katika kila jambo walikuwa wametoka sare. Lilibaki jambo moja tu ambalo hakuna aliyekubali kulegeza, nalo ni kile ambacho watoto wangetazama.

Nyumba ya Butembo haikuwa na antena ya aina yoyote. Kulikuwa na kioo cha zamani cha kutazamia filamu, chenye tundu la flashi, na kila Jumamosi Yaya alimpelekea flashi yake kijana mmoja mwenye kompyuta karibu na parking ya magari ya Lubero, ambaye alimjazia filamu za watoto. Nyumba ya Beni ilikuwa na televisheni kubwa, dekoda, na sahani juu ya bati. Nakumbuka mlo ule vizuri kwa sababu ulikuwa wa sombe, majani ya muhogo, na samaki wa chumvi, na Shemeji alikuwa na mwiba kwenye meno alipoanza. “Zaina, batoto bataharibika na zile filme zako. Ule mutafsiri ni mulevi.” Yaya hakuinua macho. “Na ku télé yako, balevi hapana? Bako bengi mule, bote na krabati ku shingo.” Shemeji akasema televisheni inafundisha Kifaransa, inaonyesha dunia, inaonyesha habari. Akasema filamu ni bongo tupu, yaani uongo kwa Kiswahili cha huku, na habari ni kweli. “Njo ile iko inaniogopesha,” alisema Yaya. Kisha Shemeji akautoa ule mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani, akanigeukia kama mtu aliyekumbuka kwamba ana shoka nyumbani. “Mais sisi tuko na licenciée mu nyumba, mutu wa shahada! Juu ya nini tunagombana?”

Makubaliano yalifanyika kabla sahani hazijaondolewa. Ningewachunguza watoto wakitazama filamu hapa Butembo mpaka mwisho wa mwaka wa shule, kisha ningeshuka nao Beni kwa likizo kubwa, wakatazame televisheni. Kabla ya shule kufunguliwa ningesoma ripoti mbele ya familia. Upande utakaoonekana kuwafaa watoto, huko ndiko nyumba nzima itakaa, na hakuna atakayerudi tena kwenye neno hilo. Nilitakiwa kukataa. Leo ningekataa, au walau ningeomba siku mbili za kufikiri, ambazo zingegeuka wiki sita. Tatizo lilikuwa kwamba wote wawili walinitazama kwa heshima, na tangu nitoke chuoni hakuna aliyekuwa amenitazama hivyo. Niliporudi chumbani, nikakaa juu ya robota, ndipo hofu ikaja. Filamu zikishinda, nabaki na chumba changu. Televisheni ikishinda, chumba kinakwenda, lakini Shemeji alikuwa na rafiki katika ofisi moja ya Oicha aliyeahidi kunipokea kwa mtihani wa kazi, na shemeji aliyeshinda ni shemeji mwenye furaha. Nilikuwa na faida pande zote mbili, na kwa hiyo nilikuwa na hatia pande zote mbili. Niliandika kurasa mbili juu ya kutoegemea upande wowote, nikazichana kwa sababu zilionekana zimeegemea.

Nilifanya kile pekee nilichofundishwa kufanya. Nilinunua daftari, nikachora jedwali lenye safu za utulivu, usikivu, msamiati mpya, huruma kwa wengine na usingizi. Nikaweka sheria kwamba kila siku, saa kumi na moja jioni, watoto wakae mbele ya kioo saa moja kamili, isikose hata siku moja, kwa sababu siku moja ikikosekana data zote zinaharibika. Baada ya hapo ningewauliza waliona nini na walijifunza nini, na kila jibu refu lingepata biskuti. Yaya alipoisikia sheria ya biskuti alinitazama kwa muda. “Hata mu tribunal, kama bangelipa bashahidi biskuti, bangesema mingi,” alisema, akaendelea kukunja vitenge. Niliandika maneno yake pembeni mwa daftari, nikayapigia mstari, na sikuyatumia kamwe.

Jioni za filamu zilikuwa jioni za baridi. Ukungu ulishuka kutoka vilimani ukaingia mpaka kwenye makochi, Yaya alileta mbabula yenye makaa karibu na miguu yetu, tulikula viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, na sauti ya mtafsiri ikajaza chumba. Filamu hizi zilikuwa zimetengenezwa mbali, kwa lugha za mbali, na juu ya maneno ya wenyewe kulikuwa na mtu mmoja aliyeyasema yote kwa Kiswahili: sungura, mama sungura, mbweha, mvua, mlango. Hakuridhika na kutafsiri. Alishauri. Sungura mdogo akitoka nyumbani bila ruhusa, mtafsiri alisema, “Muone ule! Bazazi bake bako wapi? Bako ku soko!” na Yaya, aliyekuwa ametoka soko muda huo huo, alikohoa. Mbweha akimkimbiza sungura, mtafsiri alimhimiza mbweha, kisha akabadili mawazo. Mara moja alinyamaza dakika nzima, tukasikia mtu anamletea chakula, kijiko kikagonga sahani, naye akarudi na mdomo umejaa akasema yule mzee amekufa. Biira, ambaye hakupenda mtu afe, alikijibu kioo: “Kula kwanza!”

Nilikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya mtafsiri huyu. Masika alikuwa ameanza kuongea kama yeye, akimwona mwalimu wake akipita barabarani alisema kwa sauti nzito, “Muangalie, njo ule anakuya, haina kujua mambo iko inamungojea.” Niliiweka hiyo kwenye safu ya msamiati mpya, kisha nikaihamishia kwenye safu ya utulivu, kisha nikachora safu nyingine. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwa na safu yake. Filamu ilipokwisha, Yaya alisimama, akabonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi, na watoto wakajinyoosha kama watu waliomaliza kazi. “Unaona?” aliniambia jioni moja, kidole bado kiko kwenye kitufe. “Filme iko na mwisho. Hata ikuwe mubaya namna gani, iko na mwisho, na ile mwisho iko mu mukono yangu. Ile ingine, Ramazani hawezi kunionyesha mwisho yake iko wapi.” Alisema hivyo kwa upole, bila kunishawishi. Nilijua anachokisema. Miezi ile, mtu aliyekuwa na mume anayesafiri barabara za kaskazini, ambako watu walikuwa wakivamiwa, hakuhitaji kuambiwa habari ni nini.

Tuliposhuka Beni, mimi na watoto, Yaya akibaki na vitenge vyake, joto lilitupokea kwenye kituo na likakaa nasi. Nyumba ilikuwa pana, yenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa, na uani kulikuwa na harufu ya kakao inayokauka juu ya maturubai. Televisheni ilikaa juu ya kabati lake ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na Mukaka, yaani bibi, mama mzazi wa Shemeji, aliifunua kila jioni kwa taratibu kama anayemfunua bibi arusi. Mukaka alikuwa mdogo wa umbo na mkubwa wa maoni. Tulikula ndizi na maharagwe kwa mafuta ya mawese, baada ya sala ya alasiri Shemeji alioga, akavaa kofia yake nyeupe, akashika rimoti, na dunia ikaingia ndani. Iliingia kwa fujo. Kulikuwa na wapishi, wahubiri, watu wanaocheza ngoma wakiwa wamevaa suti, mama mmoja aliyelia katika tamthilia kwa wiki mbili bila kubadili nguo. Programu za watoto zilikuwapo, lakini zilikuja kama wageni: unasikia zimefika, ukienda kuketi zimeondoka. Shemeji aliruka kutoka chaneli moja hadi nyingine akisema, “Ngoja, ngoja, iko mwengine ya muzuri,” na watoto walitikisa vichwa pamoja naye kama watu walio kwenye gari bovu.

Kisha jioni ya nne tukaangukia habari. Kulikuwa na ramani, na juu ya ramani kulikuwa na jina la mahali ambapo Shemeji alipakia mbao Jumanne iliyopita. Masika, ambaye alikuwa amejifunza kusoma vizuri mwaka huo, alilisoma kwa sauti. “Papa, ile si kule unaendaka?” Rimoti ilitafutwa. Shemeji alikuwa ameikalia. Alipoipata, alibonyeza mara tatu akafikia wapishi, na sote tukatazama kitunguu kikikatwa kwa umakini ambao hakuna kitunguu kilichowahi kuupata. Mukaka akasema, “Bataunguza.” Nilishika kalamu, nikaangalia safu zangu zote, nikaifunga kalamu. Baadaye uani aliniambia polepole, “Licenciée, ile ya leo utaandika?” Nikamwambia mtafiti huandika yote. Akatikisa kichwa kwa unyonge. “Andika. Mais andika pia kama nilibadilisha chaneli mbio.”

Wiki iliyofuata nikaitwa Oicha kwa mtihani wa kazi. Ulikuwa mtihani wa saa mbili uliochukua siku kumi, kwa sababu mkubwa wa ofisi alikuwa kwenye misheni, yaani safari ya kikazi, na kila asubuhi katibu wake aliniambia anarudi leo. Nilikaa kwenye benchi la ubao nikisoma tangazo moja ukutani mpaka nikaanza kulipata na makosa ya kimantiki. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimewaachia watoto maagizo: saa kumi na moja, mbele ya televisheni, saa moja kamili, isikose hata siku moja. Niseme sasa jambo ambalo wakati ule sikulijua. Siku ya pili baada ya mimi kuondoka, mvua ya radi ilipiga Beni. Dekoda ikatoa moshi, televisheni ikalia mara moja kama paka, na hapo ikafa. Shemeji aliipeleka kwa fundi, fundi akaifungua, akainusa, akaifunga. Bila televisheni, Shemeji hakuwa na hoja, na bila hoja hakuwa na familia ya kuishi naye. Aliirudisha juu ya kabati, Mukaka akaifunika kitambaa chake, na Shemeji akawaambia watoto, “Ile mambo ya télé musiambie mutu. Hata Mama. Hata Mama mudogo.” Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na nia ya kunieleza siku nitakaporudi, na kwamba kila aliponiona na lile daftari ulimi ulimkauka.

Nilirudi bila kazi na nikiwa na hamu kubwa ya data. Nilisikia umeme una shida, nikaambiwa televisheni ipumzishwe mpaka tutakapopanda Butembo, nikaona ni busara. Niliwakalisha watoto kwenye mkeka uani, biskuti katikati, daftari gotini. “Mu siku kumi hizi muliona nini ku télé?” Biira alimtazama Masika. Masika aliitazama biskuti, akaitazama mikono yake, akavuta pumzi. “Tuliona mambo ya mbuzi.” Mbuzi gani? “Mbuzi moja, balimuweka chef wa quartier, juu chef wa mbele alikuwa anakula bintu bya batu. Njo mbuzi akasema, mimi nakula majani tu, muko mutaona.” Niliandika haraka: mbuzi, mkuu wa mtaa. Siku ya kwanza mbuzi alipanga foleni ya bomba la maji, akaamuru mwenye bidoni ndogo apite mbele. Siku ya pili aliwasuluhisha wanawake wawili waliogombania kamba ya kuanikia nguo kwa kuila ile kamba. Siku ya tatu alikataa kukaa kwenye kiti kikubwa kwa sababu kilimuumiza mkia, na tangu hapo mikutano yote ikafanyika watu wamesimama, ikawa mifupi. “Iko na pembe moja,” aliongeza Biira. “Ingine ilivunjikia ku mukutano.” Kulikuwa na vipindi tisa. Niliuliza lugha ya programu, Masika akasema inachanganya. Niliuliza kama kuna watu wanaouana, akasema hapana, kulikuwa mmoja alitaka, mbuzi akamtazama sana, akaacha.

Nawaambia kwa moyo mweupe kwamba sikuwahi kuona data nzuri namna ile. Huruma, msamiati, utulivu, elimu ya uraia: safu zangu zilijaa mpaka nikaandika pembeni. Kila niliposhtuka kwamba ni nzuri kupita kiasi, nilijiambia kwamba ninashuku kwa sababu sitaki kupoteza chumba changu Butembo, na kwamba mtafiti mwaminifu lazima aandike hasa lile linalomdhuru. Hivyo ndivyo akili yangu ilivyokuwa ikifanya kazi. Ilinizuia kuona kilicho mbele yangu ili tu niwe mwenye haki. Kwa kweli ningetoka tu nje ya lango. Bomba lilikuwa pale kando ya njia, foleni ya bidoni ipo, wanawake wapo, kamba ipo, na mbuzi wa jirani, mwenye pembe moja, amefungwa kwenye mti wa mparachichi akitazama yote.

Baraza la familia lilikaa Butembo, Jumapili moja alasiri, wiki moja kabla ya shule. Yaya alikuwa ameondoa vitenge kwenye makochi. Mukaka alipanda pamoja nasi kutoka Beni akapewa kiti cha mbele, Shemeji akakaa karibu na mlango, watoto kwenye mkeka. Mimi nilisimama. Niliteuliwa pia kuandika procès-verbal, yaani kumbukumbu za kikao, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Nilianza na sura ya kwanza, yaani maana ya maneno: mtoto, filamu, televisheni. Nilipofika kwenye maana ya pili ya mtoto, Mukaka aliinua mkono. “Alienda ku université miaka tano juu ya kujua mutoto ni nini? Angekuya kuniuliza. Mimi nilizala munane.” Yaya akamwomba aniache niendelee. Nikaendelea. Nilimsema mtafsiri kwa haki, mazuri yake na mdomo wake uliojaa. Niliisema ramani, na Shemeji akainamisha kichwa. Nikasema pia kwamba alibadilisha mbio, akakiinua kidogo. Kisha nikafika kwenye mbuzi.

Nilisoma vipindi vyote tisa. Sijawahi kusoma kitu kwa sauti nikasikilizwa vile. Kwenye ile kamba ya nguo Mukaka alipiga paja. Kwenye kiti na mkia Yaya mwenyewe alicheka, mkono mdomoni, kisha kicheko kikaisha taratibu kwa sababu alikuwa ameelewa kinakoelekea. Shemeji peke yake hakucheka. Alirekebisha kofia, akanywa chai kutoka kwenye kikombe kisicho na kitu, akakitazama ndani, akanywa tena. Nikasoma hitimisho: ingawa televisheni ina hatari zake, programu moja yenye malezi ya namna hii inazishinda filamu zote za flashi, na kwa hiyo, nikikumbuka majukumu yangu na bila kuangalia faida yangu binafsi, ninapendekeza Beni. Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Yaya alikuwa akiitazama ile armoire, kabati kubwa la mbao nyekundu, la mama yetu, lililojaza ukuta mzima wa sebule. Aliipima kwa macho kutoka juu hadi chini, kisha akaupima mlango. “Kama ni vile, ni vile,” alisema. “Nilisema nitakubali, nimekubali. Hii programu ya mbuzi iko inapita saa ngapi? Nitaiangalia na batoto.”

“Zaina, ikaa,” alisema Shemeji. Yaya akasema amekaa. Shemeji akavua kofia. “Télé ilikufa.” “Ilikufa lini?” “Ile mvua. Licenciée alikuwa Oicha siku ya pili tu. Ilitoa moshi. Fundi aliinusa.” Yaya aliniangalia mimi, mimi nikaangalia ukurasa wa kumi na mbili, ambapo mbuzi alikuwa bado ni chef. “Na mbuzi?” aliuliza Yaya. Wote tukageukia mkeka. Masika alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. “Mama mudogo alisema saa moja mbele ya télé kila siku, isikose hata siku moja,” alisema. “Papa alisema tusiambie mutu kama ilikufa. Donc...” Alitafuta maneno. “Donc tulikaa mbele yake, na mimi nikaambia Biira mambo yenye ilikuwa inaonyesha.” Biira akathibitisha kwa kichwa. “Iko nzuri sana, hii télé,” alisema.

Ninapofikiria uso wangu wa dakika ile, hata leo naona joto masikioni. Miaka mitano ya masomo, jedwali, biskuti, na nilikuwa nimesimama mbele ya familia kuipa tuzo televisheni iliyokufa. Lakini hakuna aliyekuwa akinitazama mimi. Mtu anayejifikiria sana huchelewa kugundua hilo. Walikuwa wakitazamana wao wawili. “Ungenyamaza, ungeshinda,” alisema Yaya. “Nilikuwa nimekubali mbele ya mama yako.” “Najua.” “Na juu ya nini hukunyamaza?” Shemeji alikuwa akiizungusha kofia mikononi kama usukani. “Nilikuona unapima armoire ya mama yako,” alisema. “Nikasema hapana. Muke yangu hapana kuhamisha armoire juu ya mbuzi yenye haiko.” Mukaka alianza kusema kitu, akakiacha, na kwa Mukaka hilo lilikuwa tukio.

Yaya alisimama, akachukua birika, akamjazia mume wake kikombe ambacho alikuwa akikinywa kikiwa kitupu tangu kipindi cha tatu. Alikaa naye upande ule ule wa mlango. Nilikuwa nimeshika kalamu juu ya procès-verbal, sijui niandike nini chini ya neno “uamuzi”, na nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu moyoni marobota ya chumba changu, yatakwenda wapi, nami nitakwenda wapi, kwa sababu kabla hajafungua mdomo nilijua. “Tutakuya Beni,” alisema. “Na armoire itaenda. Itavunjwa, itaenda. Mais ile télé, Ramazani, usiitengeneshe.”

Shemeji aliitikia mara moja, haraka, kama mtu anayeogopa bei itabadilishwa. Ilichukua muda kidogo kabla neno lenyewe halijamfikia, kisha nikaliona linafika. “Zaina,” alisema, “na mupira? Ku mwisho ya juma, mupira?”

“Masika atakuambia.”

Masika alifikiri juu ya kazi hiyo mpya kwa uzito, kisha akamgeukia baba yake.

“Papa,” aliuliza, “unapenda nani njo ashinde?”